Wiki za mwanzo za VVU: protini za kirusi zinainyamazisha kinga, au kinga inajimaliza yenyewe?

#1 Nyanda wa Uyole
Wakuu salaam. Nafundisha baiolojia, kidato cha tano na sita. Kuna mwanafunzi kanibana darasani: "Mwalimu, kinga si ipo? Mafua inayaona siku hiyo hiyo. Sasa VVU inakuwaje viingie, siku kama kumi hakuna kipimo kinachoviona, halafu vikiibuka viwe mamilioni?" Kitabu chetu kina mstari mmoja tu: kirusi hushambulia CD4 (seli nyeupe zinazoongoza kinga). Basi.

Nikachimba. Kirusi kizima kina jeni 9. Gag, pol na env ni za kujenga mwili wake na vimeng'enya vyake. Tat na rev zinaendesha uzalishaji. Zinabaki nne: vif, vpr, vpu na nef. Zamani wataalamu waliziita za ziada, kwa sababu ukikuza kirusi kwenye baadhi ya seli za maabara, hata ukizifuta kinaendelea kuzaliana. Kwenye mwili wa mtu, thubutu!

Dai langu: UKIMWI unaokuja miaka kumi baadaye huwa umeshaamuliwa wiki tatu nne za mwanzo, na zilizouamua ni hizo protini nne, kwa kuvuruga mawasiliano ya kinga. Anayepinga aje na hoja, matusi peleka jukwaa la siasa.

#2 Kipara wa Buza
Nimeweka mkeka hapa. Madaktari njooni.

#3 Daktari wa Zamu
Mwalimu uko karibu na ukweli. Acha nipange vizuri.

Kirusi kikiingia kwenye seli kinageuza RNA yake kuwa DNA. DNA ikionekana nje ya kiini cha seli ni dalili kwamba kuna mgeni. Kihisi kimoja kinaitwa cGAS (mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba kinaweza kuitambua DNA ya VVU). Kinaamsha STING, STING inaamsha TBK1, TBK1 inaamsha IRF3, IRF3 inaingia kwenye kiini na seli inaanza kutoa interferoni. Interferoni ikifika kwa seli jirani inawasha mamia ya jeni za kujihami.

Sasa tazama protini za seli za kujihami, na kirusi kinavyozijibu. APOBEC3G inaharibu maandishi ya jeni za kirusi. Vif inaipeleka ikasagwe (iligunduliwa 2002). Tetherini inavishika virusi vipya visitoke kwenye ukuta wa seli. Vpu inaiondoa (2008). SERINC5 inafanya virusi vipya vishindwe kuingia seli nyingine. Nef inaihamisha (2015). Nef hiyo hiyo inafuta HLA (protini zinazoonyesha vipande vya kirusi) kwenye uso wa seli ili seli za CD8, wauaji wa seli zilizoambukizwa, zisijue kwamba mwenzao ameshaambukizwa. Ni mwizi anayekata waya wa king'ora kabla hajagusa kitasa.

Kwa hiyo mimi niko upande wa mwalimu.

#4 Mkaa Chonjo
#3 umeeleza vizuri ila umepitiliza kidogo kwenye HLA. Nef haifuti HLA zote. Inashusha A na B, na C inaiacha. Kuna sababu: seli ikikosa HLA kabisa, seli za NK (wauaji wa asili wa kinga) zinaiua. Mwaka 2016 ikaonekana kwamba Vpu za virusi vingi vilivyotoka moja kwa moja kwa wagonjwa zinaishusha HLA-C kwa kiasi. Miaka mingi hilo halikuonekana kwa sababu watu walikuwa wanatumia kirusi kimoja kilichozoea maabara.

Dai la #1 nitalirudia nikitoka kazini. Nina mfupa wangu.

#5 Mama Zuhura CTC
Habari za jioni wanangu. Mimi ni mnasihi kliniki ya CTC (ya tiba na matunzo ya VVU), hizo cGAS sizijui ila watu nawajua. Tatizo tunaloliona ni hili: kijana anakuja na homa kali, koo linauma, tezi zimevimba, vipele kifuani. Anapimwa malaria, hakuna. Anapewa dawa ya malaria hivyo hivyo (kuna zahanati moja siitaji, kila homa kwao ni malaria au UTI). Akipimwa VVU kwa kipimo cha haraka, hana. Anaenda zake akijua yuko salama. Baada ya miezi anarudi, kipimo kimebadilika, na mwenzi wake naye hivyo hivyo.

Sasa swali langu kwa #3: kama mwizi kakata waya wa king'ora, hiyo homa inatoka wapi?

#6 Mtwapa Bandarini
😂 Mama amemaliza uzi.

Niongezee tu, hili la homa lilifanyiwa utafiti huku kwetu Pwani ya Kenya na watu wa Kilifi, likachapishwa 2014. Vijana waliofika vituoni na homa walipopimwa kwa vipimo vya kuona kirusi chenyewe, VVU vichanga vilipatikana kwa kiwango sawa na malaria. Hebu fikiria. Mtu anatoka na paketi ya dawa za malaria kumbe yuko kwenye kipindi ambacho damu imejaa virusi kuliko wakati mwingine wowote.

Na homa ni nini kama si saitokini (kemikali ambazo seli za kinga huitana nazo)? King'ora kimelia, tena mtaa mzima umeamka. Kwa hivyo hiyo hoja ya kunyamazisha inachechemea.

#7 Daktari wa Zamu
Haichechemei. Tenganisha sehemu mbili. Ndani ya seli ya CD4 iliyoambukizwa kuna ukimya, interferoni inayotoka humo ni kidogo sana. Nje kuna seli nyingine, za dendritiki aina ya plazmasaitoidi. Hizo zinavimeza virusi, zinahisi RNA yao kwa kihisi kiitwacho TLR7 na kutoa interferoni nyingi mno. Homa ya Mama Zuhura inatoka huko. Aliyeibiwa amelala, majirani ndio wanaopiga mayowe.

#8 Chachandu
Mnazunguka sana. Hiki kirusi kilitengenezwa maabara Marekani miaka ya 70, ndiyo maana kina protini za kijanja hivyo. Tafuteni ukweli.

#9 Bukavu Moja
Chachandu, ndugu yangu, damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959 ilikutwa na VVU. Na ukoo wa kirusi hicho kilichoenea duniani, ukipimwa kwa mabadiliko ya jeni, unarudi Kinshasa miaka ya 1920, ukatembea na reli na mito. Miaka hiyo hakuna aliyejua hata DNA ina umbo gani. Maabara gani hiyo?

Na ujanja wa protini umetoka kwa sokwe na tumbili, miaka maelfu kwa maelfu ya kupigana na kinga zao.

#10 Kipara wa Buza
Chachandu kaenda kutafuta ukweli, hajarudi.

#11 Mkaa Chonjo
Nimerudi na mfupa wangu, na #9 amenifungulia mlango.

Tumbili hawa hawa wanaotuibia mahindi wana kirusi chao, SIV. Mangabey, nyani wa Afrika Magharibi, vile vile, na wao ndio waliompa binadamu VVU-2. Wanyama hawa wana virusi tele kwenye damu maisha yao yote, lakini kwa kawaida hawapati UKIMWI. Mpe tumbili wa Kiasia aina ya rhesus kirusi cha mangabey, anaumwa na kufa.

Tofauti iko wapi? Wiki za mwanzo wote wanapandisha interferoni, tena sana tu. Kwa mangabey na tumbili wetu inashuka baada ya wiki chache, kinga inarudi kwenye utulivu. Kwa rhesus haishuki, na kwa binadamu hivyo hivyo.

Sasa sikiliza Nef. Nef za virusi vingi vya nyani zinaondoa CD3 kwenye uso wa seli T, yaani seli haiwezi tena kupokea ishara ya kuchangamka. Nef ya VVU-1 imepoteza uwezo huo. Hilo lilichapishwa 2006. Maana yake dai la #1 ligeuzwe kichwa chini: UKIMWI unakuja kwa sababu Nef yetu IMESHINDWA kuinyamazisha kinga vya kutosha. Seli zinachangamka mfululizo, zinazaliana, zinakufa, mpaka karakana inachoka.

#12 Nyanda wa Uyole
Mkaa, hoja tamu lakini ina shimo. Kule Sydney, Australia, kuna mtu alichangia damu miaka ya mwanzoni mwa 1980 akiwa na VVU bila kujua. Waliopewa damu yake waliambukizwa, lakini wakakaa miaka mingi bila dawa na bila UKIMWI. Mwaka 1995 ikachapishwa sababu: kirusi chao kilikuwa kimepoteza kipande cha nef. Kama kunyamazisha kidogo ndiko kunakoleta ugonjwa, basi kukosa Nef kabisa kungewamaliza haraka. Imekuwa kinyume.

#13 Mkaa Chonjo
Malizia hadithi mwalimu. Baadhi yao CD4 zilikuja kushuka baadaye. Na kwa rhesus, kirusi kisicho na nef kilitumika kama chanjo 1992, watu wakafurahi. 1995 kirusi kilichofutwa nef na vipande vingine kikawapa UKIMWI watoto wachanga wa rhesus. Nef inaongeza kasi. Kwamba ndiyo iliyoamua, hapo bado.

Halafu Nef ina kazi nyingi. Inashusha CD4, HLA, SERINC5, na inaifanya seli iwe nyepesi kuchangamka. Ukiifuta umefuta yote kwa pamoja. Utajuaje ni kazi ipi iliyowaokoa watu wa Sydney?

#14 Mama Zuhura CTC
Mnagombana vizuri. Lakini mimi bado sijaambiwa CD4 zinafia wapi. Mtu ana wiki tatu tangu aambukizwe, ukimpima CD4 za damu zimeshuka kidogo tu, kisha zinapanda tena. Halafu mnasema mambo yameshaamuliwa?

#15 Mwanamaabara Mstaafu
Shikamoo Mama. Damu inadanganya. CD4 nyingi za mwili haziko kwenye damu, ziko kwenye tezi na utumbo. Zile za utumbo nyingi ni za kumbukumbu na zina CCR5, mlango ambao VVU vichanga karibu vyote hupitia. Tangu 2004 na 2005 tafiti za binadamu na za rhesus zilionyesha kwamba ndani ya wiki chache CD4 za utumbo zinafagiliwa, wakati damu inaonyesha afueni. Mwaka 2006 ikaonekana vipande vya bakteria vinavuja kutoka utumboni kwenda kwenye damu, na vinaichokoza kinga kwa miaka. Hapo ndipo uchangamfu wa Mkaa unapopata kuni.

Na kuna jambo linalowapita wote wawili. Mwaka 2014 maabara moja ya San Francisco ilionyesha kwamba kwenye tishu za tezi, seli nyingi zinazokufa, zaidi ya asilimia 90, si zile zinazozalisha virusi. Ni zile ambazo kirusi kiliingia kikakwama njiani. DNA isiyokamilika inabaki, kihisi IFI16 kinaiona, kinaamsha kaspasi-1, na seli inapasuka ikimwaga saitokini zinazoita seli nyingine, nazo zinakuja kufa vile vile. Kufa kwa namna hiyo kunaitwa pairoptosisi.

Hapo hakuna Nef, hakuna Vpu. Seli imesikia king'ora vizuri kabisa, na kukisikia ndiko kulikoiua.

#16 Kipara wa Buza
Kwa hiyo walinzi wanajipiga risasi wakisikia mwizi kapita? Hii kinga nani aliiajiri?

#17 Daktari wa Zamu
#15 shikamoo mzee. Ila sema pia tishu hizo zilitoka wapi: tonsili na bandama, zikakuzwa kwenye sahani. Kwenye utumbo wa mtu hai wiki ya pili hakuna aliyesimama akahesabu nani kafa kwa pairoptosisi na nani kauawa na kirusi moja kwa moja. Kwa rhesus, tafiti za 2005 zilikuta CD4 nyingi za kumbukumbu zikiwa na kirusi chenyewe ndani yake kwenye kilele. Hizo mbili hazipatani kirahisi.

#18 Mwanamaabara Mstaafu
Marahaba. Hazipatani, ndiyo. Ndiyo maana nimesema "kwenye tishu za tezi". Soma tena.

#19 Ganda la Yai
Nimesoma wote, hakuna aliyetaja ganda. Mnahangaika na nef na vpu, protini zinazotengenezwa kirusi kikishaweka jeni zake. Kabla ya hapo kirusi kinanyamazisha vipi? Kwa kujificha. DNA inatengenezwa ndani ya ganda la protini, na ganda linaingia kwenye kiini cha seli likiwa zima au karibu zima. cGAS ya #3 haioni kitu. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba ukibadilisha ganda lishindwe kushikana na protini za seli kama CPSF6 au saiklofilini A, seli za makrofaji zinashtuka na kutoa interferoni. Yaani ganda ndilo kinyamazishi cha kwanza.

Pia #11 umetaja VVU-2 ukapita haraka. VVU-2 haina Vpu, ila ina Vpx, inayoondoa SAMHD1, kizuizi cha seli (hilo liligunduliwa 2011), na kuiwezesha kuingia seli za dendritiki. VVU-1 haina Vpx, haiingii huko kwa urahisi. Ukihesabu silaha, VVU-2 haijapungukiwa. Lakini VVU-2 ni mpole, watu wengi wa Afrika Magharibi wanaishi nacho bila kuumwa kwa muda mrefu sana.

#20 Mkaa Chonjo
Na Nef ya VVU-2 bado inaondoa CD3. Naacha hapo, mwalimu ajaze mwenyewe.

#21 Mtwapa Bandarini
Mkaa, Nairobi ina ushahidi unaokupendelea. Wale akina mama wa Majengo wanaofanya biashara ya ngono, waliofuatiliwa tangu miaka ya 1980 na Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba. Wapo waliokutana na VVU mara zisizohesabika wakabaki bila maambukizi. Wakichunguzwa, seli zao za CD4 zimetulia kuliko za wengine. Kirusi kinapenda seli iliyochangamka. Kikikuta imelala, hakipati pa kuzaliana. Tena baadhi walipoacha kazi kwa muda kisha wakarudi, ndipo wakaambukizwa.

#22 Daktari wa Zamu
Hiyo ya mwisho inapingana na hiyo ya kwanza, bwana Mtwapa. Kama utulivu ndio uliowalinda, mapumziko yangewaongezea utulivu. Wengine wanasema waliokuwa wanalindwa walikuwa na CD8 zinazokijua kirusi, na mapumziko yakazipunguza. Na hapo hapo Majengo kuna mambo ya HLA pia. Usibebe hoja moja tu kutoka Majengo.

#23 Mtwapa Bandarini
Sijabeba moja, nimebeba ile iliyoenea mkononi 😂

#24 Nyanda wa Uyole
Nauliza wanaoshika upande wa "kinga inajimaliza": ukiizima interferoni mapema, mgonjwa anapona?

#25 Mkaa Chonjo
Ilijaribiwa kwa rhesus, 2014. Waliozibiwa mlango wa interferoni wiki za mwanzo walikuwa na virusi vingi zaidi na UKIMWI ukawawahi. Kundi jingine likapewa interferoni kutoka nje: mwanzoni ilizuia maambukizi, lakini walivyoendelea kuchomwa mwili ukaacha kuisikia, na CD4 zikapotea zaidi. Kwa hiyo siku tano za kwanza interferoni ni rafiki, wiki ya tano adui. Swali ni la saa, na protini za kirusi zinachelewesha saa hiyo.

#26 Nyanda wa Uyole
"Protini za kirusi zinachelewesha saa." Mkaa, umesema mwenyewe. Nimepiga picha hiyo posti.

#27 Mkaa Chonjo
Mwalimu acha uchokozi.

#28 Baba Wawili
Samahani natoka kidogo nje ya mada. Mke wangu ana maambukizi, mimi sina. Anatumia dawa vizuri, virusi havionekani kwenye kipimo. Je, inawezekana mimi nina seli zilizolala kama za Majengo?

#29 Mama Zuhura CTC
Baba, kilichokulinda ni dawa za mkeo. Akishafubaza virusi mpaka kipimo hakivioni, hakuambukizi kwa tendo la ndoa. Seli zako usizipe sifa zisizo zake. Endeleeni hivyo hivyo, na wewe pima kama ulivyopangiwa.

Na kwa wengine wanaosoma kimya: ukijihisi umekutana na hatari, dawa za PEP (za kuzuia maambukizi baada ya hatari) zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi. Usingoje homa.

#30 Bukavu Moja
Kuna jambo la aina za kirusi hamjaligusa. Rakai, Uganda, walioambukizwa aina D walielekea kwenye UKIMWI haraka kuliko wa aina A, nchi hiyo hiyo, chakula kile kile. Tanzania mna A, C na D na michanganyiko yake. Sasa Nef ya A na Nef ya D zinafanya kazi sawa?

#31 Mwanamaabara Mstaafu
Nguvu ya Nef inatofautiana kati ya aina na aina. Lakini D pia ina tabia ya kuhamia mapema CXCR4, mlango mwingine wa kuingilia seli, na hilo peke yake linaweza kueleza kasi. Ukitaka kumbebesha Nef lawama, kwanza mwondoe CXCR4 njiani.

Kwa mwalimu, kwa kuwa uko Uyole: Mbeya ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti wa siku za mwanzo za maambukizi, pamoja na Kericho, Kampala na Thailand. Watu wasio na VVU walichomwa kidole mara mbili kwa wiki kusubiri kirusi kionekane. Matokeo yalitoka 2016: kilele karibu siku ya 13 tangu kirusi kionekane, na mwezi ulipotimia kiwango kilikuwa kimeshuka na kutulia. Kiwango hicho cha kutulia kilibebwa na mwendo wa virusi wa siku zile za kwanza. Wape wanafunzi wako, ni damu ya watu wa kwao.

#32 Nyanda wa Uyole
Mzee ahsante, hilo nalichukua. Na linanisaidia: mambo yanaamuliwa mwezi wa kwanza.

#33 Ganda la Yai
Linasaidia nusu ya dai lako, ile ya muda. Nusu ya "nani kaamua" bado iko wazi.

Wakati mnabishana, tazameni dawa imeenda wapi. Lenacapavir inashika ganda. Majaribio ya Afrika Kusini na Uganda, matokeo ya 2024: wanawake zaidi ya 2,000 waliochomwa sindano mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Dawa ya kuzuia Nef? Vpu? Mpaka leo hakuna iliyofika dukani.

#34 Daktari wa Zamu
Kuwa na dawa hakuthibitishi nani mkosaji. Ganda lina mifuko mizuri ya kushikika. Nef inashikana na protini za seli kwa nyuso pana, ngumu kupata molekuli ndogo ya kuiziba. Hiyo ni kemia.

#35 Kipara wa Buza
Swali la mtu wa mtaani: kama kila kitu kinaamuliwa mapema, mtu akianza dawa siku ile ile si anapona kabisa?

#36 Mkaa Chonjo
Rhesus walianzishiwa dawa siku ya tatu, kabla kirusi hakijaonekana kwenye damu. Dawa zilipoachwa, kirusi kikarudi. 2014 hiyo. Siku ya tatu tayari kilikuwa kimejificha kwenye seli. Kwa hiyo mwalimu, Nef yako siku ya tatu ilikuwa imeshamnyamazisha nani?

#37 Nyanda wa Uyole
Nef, Tat na Rev ndizo zinazotoka kwanza kabisa kirusi kinapoanza kusomwa, kabla hata gag haijatengenezwa. Siku ya tatu zilikuwa kazini zamani.

#38 Ganda la Yai
Kwenye seli inayozalisha, sawa. Iliyojificha haizalishi kitu, hata Nef. Hiyo nani kainyamazisha?

#39 Nyanda wa Uyole
Nina kipindi saa mbili asubuhi. Nikitoka darasani narudi na jibu, msifunge uzi.

#40 Mkaa Chonjo
Hatufungi. Na ile picha ya posti yangu ya #25 uifute.